Jiwe Lililoshika Ulimi

Mimi ni mfinyanzi wa Ikombe, binti wa mfinyanzi, na katika maisha yangu yote nimeumba vitu vitano tu ambavyo havikuwa vyombo. Havikufaa kupikia, wala kuchotea maji, wala kuwekea mbegu. Niliviumba ili vidanganye, na vilidanganya vizuri kupita nilivyotaka.

Ilikuwa siku za Wajerumani, boma lao likiwa bado chini ufukweni mwa ziwa, mwendo wa asubuhi moja kwa mtumbwi kutoka kwetu. Kiangazi kimoja alikuja Mzungu ambaye hakuwa mwanajeshi wala mmisionari. Alitembea na nyundo ndogo kiunoni, akagonga miamba ya mitoni, akaandika. Tulimwita Bwana Mawe. Alipofika kwenye vijito vya juu ya Busale akaona kitu ambacho watu wa huko walikizoea tangu utotoni: vipande vya miti vilivyogeuka jiwe. Vimelala kwenye changarawe pamoja na magome yake na mafundo ya matawi yake. Ukikiinua kimoja mkono unashtuka, maana macho yalishauambia kwamba unakwenda kubeba kuni.

Mimi nilivijua. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa ndizi huko Busale, nami nilikaa kwake misimu miwili nilipokuwa msichana. Alikuwa akinolea panga lake kwenye jiwe la namna hiyo. Hakuna aliyelistaajabia.

Bwana Mawe alilistaajabia. Amri ikatoka bomani kwenda kwa majumbe wote: kila mmoja alete mizigo ya miti iliyogeuka jiwe. Bwana alikuwa anajiandaa kwa safari ndefu ya kwenda pwani ya bahari na masanduku yake. Kijiji kitakacholeta mawe mazuri watu wake wataachwa. Kisicholeta kitatoa wapagazi. Mwaka uliotangulia ufuko wetu ulitoa wapagazi watano kwa safari ya namna hiyo, na waliorudi walikuwa wawili. Mmoja wa hao wawili hakuweza tena kusimama wima.

Ikombe hakuna mawe ya namna hiyo. Kuna mlima, kuna maji, na kati yake kuna udongo wetu. Jumbe wetu alikuja uani kwetu asubuhi, amebeba kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Akakiweka mbele yangu, akakifungua. Kilikuwa kipande cha mti-jiwe chenye urefu wa mkono, alichokipata kwa watu wa Busale.

"Mwanangu," akasema, "mikono yako ikikitazama hiki, inaweza kukitengenezea ndugu zake?"

"Tata, huo utakuwa uongo mbele ya boma."

"Jina la mumeo limo katika orodha ya wapagazi. Mimi ndiye niliyelitaja, na mimi naweza kulitoa."

Hakuipandisha sauti. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya samaki. Mama yangu alikuwa ameketi hatua chache tu, akisugua chungu kwa kokoto. Kokoto ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Jumbe alipokwisha kuondoka, mama hakuniuliza nitafanya au sitafanya. Alisema tu, "Usitumie udongo wa shimo letu."

Nikachimba mwingine, mbali, chini ya maporomoko ambako hakuna mfinyanzi anayechimba. Kile kipande cha kweli nililala nacho kando yangu siku nne. Nilikipapasa macho yamefumbwa. Nilikigonga kwa ukucha, nikakinusa kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa, nikakilamba. Sijawahi kukijua kitu kiasi hicho, na nilikijua kwa nia mbaya.

Nikafinyanga magogo manne madogo na moja kubwa. Gome nililipata kwa kubandika gome la mti halisi juu ya udongo mbichi, nikalikandamiza, nikalibandua. Kwenye ncha nilichora miduara kwa kijiti, duara ndani ya duara, kwa uangalifu wa mtu anayepamba chungu cha harusi. Nikapaka udongo mwekundu, nikatia mweupe kwenye nyufa. Nilipoyatoa motoni, yakiwa bado na joto kali, niliyafunika kwa majani makavu ya mgomba ili moshi uyatie weusi. Lile kubwa lilikuwa na shida yake: udongo mnene hupasuka motoni. Basi nililiacha na uwazi ndani na tundu moja, na lilipoiva nikalijaza mchanga mweusi wa ufukweni kwetu, ule mzito, ndipo nikaziba tundu kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na vumbi la vigae.

Mume wangu aliliinua, akaliweka chini. "Ni zito," akasema. Alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache, na alijua kila kitu nilichokuwa nakifanya na kwa nini.

Jumbe akayapeleka. Jina la mume wangu likatoka kwenye orodha. Siku zikapita, nikaanza kula vizuri.

Kisha mume wangu akarudi kutoka upande wa boma, alikokwenda kuuza samaki, akaingia uani bila kufunga mtumbwi vizuri. Niliusikia ukigonga mawe.

"Wamemshika mjomba wako," akasema.

Akanieleza. Mawe yote ya majumbe yalikuwa yamerundikwa barazani kwa Bwana Mawe, mengi yakiwa yamechanganyika. Jua la mchana likalipiga gogo langu kubwa, nta ikalainika, na Bwana alipolinyanyua kulitazama, mchanga mweusi ukamwagika juu ya karatasi zake. Hakuna aliyekubali kuwa gogo lile ni lake. Jumbe wetu alisimama pale pale na hakufungua mdomo. Bwana akaamuru kila mtu asiye jumbe aliyeleta mawe kwa mkono wake mwenyewe akamatwe. Walikuwa wanne, na mjomba alikuwa mmoja wao, kwa sababu ndiye aliyebeba jiwe kubwa kuliko yote kutoka Busale. Kesho watapigwa viboko ishirini na vitano kila mmoja, na baada ya hapo watapigwa tena mpaka mmoja aseme.

"Mjomba ana kifua kibovu," nikasema.

"Najua."

"Hatavimaliza viboko hivyo."

Mume wangu alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akatazama mikono yake. "Ukienda," akasema, "jina langu litarudi."

Nilitaka aniambie nisiende. Nasema hivi kwa sababu ni kweli: nilimtazama nikingoja aseme hivyo, ili niwe mke mtiifu na mjomba apigwe. Mama alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi. Aliyekamatwa ni kaka yake. Akageuka, akarudi jikoni.

Alfajiri mume wangu alichukua kafi. "Panda," akaniambia.

Mwera, ule upepo wa kusini, ulikuwa umeanza, na mawimbi yalitupiga ubavuni njia nzima. Nilikuwa nachota maji kwa kibuyu na kuyamwaga nje, bila kupumzika, na nikashukuru kuwa na kazi. Tulipotua ufukweni mwa boma jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Wale wanne walikuwa wameketi uwanjani, wamefungwa kamba shingo kwa shingo. Mjomba alikuwa wa mwisho. Aliponiona aliinamisha macho, kwa aibu ya kuonekana na binti wa dada yake katika hali ile. Hakujua bado nani alipaswa kuona aibu.

Barazani kulikuwa na meza, na juu yake lile gogo langu limelala na mchanga wake. Majumbe walisimama kivulini, wetu akiwa kati yao. Bwana Mawe alikuwa amekaa. Uso wake ulikuwa wa njano kwa homa. Mkalimani wake alikuwa kijana wa Kinyakyusa aliyesoma misheni. Nikamsalimu, nikamwambia kwa lugha yetu, "Mwambie Bwana kwamba mimi ni mfinyanzi. Naweza kumwonyesha yapi ni mawe na yapi ni udongo."

Walisemezana. Mkalimani akanigeukia, akashusha sauti. "Dada, fikiri vizuri. Bwana amekwisha kupeleka masanduku mawili kwao Ulaya, na sasa hajui amepeleka nini. Wakubwa wake watamcheka. Hasira yake si ya mchanga huu tu. Anasema ujaribu, lakini ukikosea hata jiwe moja, hawa watapigwa wote, na wewe utafungwa."

"Nimesikia."

Nikaomba kisu na kata ya maji, nikapiga magoti mbele ya rundo.

Ya kwanza yalikuwa mepesi. Watu wa kijiji fulani walikuwa wameunguza magogo nusu, wakayapaka tope na kuyakausha. Ukucha uliingia. Nikayatupa kushoto. Kisha yakaja mawe ya mtoni yenye mistari, mazuri sana, ambayo mtu asiyejua angeapa kuwa ni mbao. Haya ni mawe kweli, lakini hayakuwahi kuwa mti. Nilimwonyesha mkalimani mistari yake ilivyokwenda moja kwa moja kutoka upande huu hadi upande ule, kama maji yaliyotulia. Mti wa kweli una matawi, na nyuzi zake hupinda kulipisha fundo la tawi kisha zikakutana tena mbele yake. Mistari ya jiwe la mtoni haina tawi la kulipisha. Bwana alisogeza kiti. Hilo alikuwa akilijua, nikaona, na aliona kwamba nami nalijua.

Mti-jiwe wa kweli niliuweka kulia. Kila kipande nilikipitishia kisu: kisu hakikuweza kukikwaruza, bali kisu chenyewe ndicho kilichoacha alama ya kijivu juu ya jiwe, kama chaki. Nilikigusisha shavuni, na kilikuwa baridi, hata kile kilichokuwa kimekaa juani. Nilikilamba, na ulimi uliteleza. Udongo uliochomwa hauko hivyo. Udongo una kiu. Ukiulamba unaushika ulimi, na ukiumwagia maji unayanywa na kutoa harufu ile ya mvua ya kwanza.

Manne yangu madogo niliyakuta moja moja. Sikuhitaji kisu. Hata hivyo niliyakwaruza, nikayalamba, ili nisionekane kuyajua. Kwenye la tatu nilikawia, na jumbe wetu akakohoa.

Likabaki moja, lile kubwa la mjomba. Askari wawili waliliinua na kuliweka mbele yangu. Lilikuwa jeupe, jeupe kama mfupa wa ng'ombe uliokaa porini. Nikalipitishia kisu, na unga mweupe ukatoka. Nikalimwagia maji, na likayanywa. Nikalilamba.

Likaushika ulimi.

Nilikaa hivyo, uso wangu juu ya jiwe. Nikahisi kwamba Bwana naye alishalijaribu, na kwamba mjomba ndiye aliyeshukiwa kuliko wote. Kwa kila kitu nilichokuwa nimemwonyesha asubuhi ile, hili lilikuwa udongo. Wazo likanijia, na sikulifukuza upesi: huenda mjomba naye alimpata mfinyanzi wake. Kama mimi niliweza, kwa nini mwingine asiweze? Nikamtazama. Alikuwa ananitazama, safari hii bila kuinamisha macho, na nikafahamu kwamba alikuwa ameliona wazo lile usoni pangu.

"Basi?" mkalimani akasema. "Bwana anangoja."

"Mwambie anipe muda."

Nikaligeuza jiwe, nikatazama ncha yake. Miduara ilikuwapo, lakini ilikuwa mibaya. Upande mmoja ilibanana kama kurasa za kitabu, upande mwingine ikaachana sana, na kiini hakikuwa katikati kabisa, kilisukumwa pembeni. Nilikumbuka miduara yangu mwenyewe, jinsi nilivyoichora sawasawa kwa sababu nilitaka ipendeze. Hakuna mfinyanzi ambaye angechora hivi. Huu ulikuwa mti ulioota kwenye mteremko na kuinamia upande mmoja maisha yake yote. Kisha nikaona tobo la mdudu, jembamba kama bua la mtama, limekata miduara mitano au sita, na ndani yake kumejaa jiwe jingine linalong'aa kama kioo.

"Ni mti wa kweli," nikasema.

Bwana alipotafsiriwa maneno hayo alisimama. Aliongea kwa haraka na kukwaruza jiwe kwa ukucha wake mwenyewe, akionyesha unga.

"Anasema umelilamba, nalo limekushika," akasema mkalimani. "Anasema umejihukumu kwa sheria yako mwenyewe."

"Jua na mvua vimekula ngozi yake. Mwambie alivunje."

"Dada."

"Mwambie. Kama ndani ni kama nje, nimekosea."

Bwana hakutaka. Niliona alivyoshika kingo za meza. Kama ni la kweli, angeharibu jiwe bora kuliko yote aliyopata katika nchi yetu. Kama si la kweli, basi hakuwa nalo tangu mwanzo. Alitoa nyundo kiunoni, akaitazama, akapiga. Halikuvunjika. Akapiga mara ya pili kwa nguvu, na cheche zikaruka, kisha jiwe likapasuka vipande viwili kwa mlio mkali ambao udongo hautoi.

Ndani lilikuwa jeusi na la hudhurungi, linang'aa kama limepakwa mafuta. Miduara yote ilikuwamo, imebanana vile vile upande ule ule, imepita kutoka ncha hadi ncha. Bwana alipiga magoti sakafuni. Alipitisha kisu, nacho kikaacha alama ya kijivu. Alikaa hapo muda, akisahau kabisa kwamba kulikuwa na watu waliofungwa, mpaka mkalimani alipomkumbusha. Akapunga mkono, na askari wakafungua kamba.

Nilikuwa nimeanza kusimama aliponiuliza swali. Nililielewa kabla halijatafsiriwa, kwa sababu alikuwa ameshika mojawapo ya yale manne madogo na alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Anauliza nani aliyafinyanga haya."

Mume wangu alikuwa kando ya ngazi za baraza. Sikumtazama.

"Ni mimi."

"Anauliza nani alikutuma."

"Jumbe wetu aliniomba, akanitishia jina la mume wangu. Lakini mikono ilikuwa yangu."

Jumbe alianza kusema kwa sauti kubwa kwamba mimi ni mwongo, watu wote wameona kuwa ni mwongo kwa kazi yangu. Askari walimchukua. Alikaa bomani siku kumi akivunja kokoto za barabara, kisha akarudi Ikombe na kofia yake, jumbe vile vile, kwa kuwa boma halikuwa na mtu mwingine wa kumweka. Hakunisemesha tena mpaka alipokufa.

Mimi sikupigwa. Bwana alichukua yale magogo yangu manne, akayatazama kwa kioo chake kidogo, akayafunga kwenye nyasi na kuyatia sandukuni pamoja na ya kweli. Sijui aliwaambia nini watu wa kwao. Kisha akamwonyesha mume wangu kidole, karani akamwandika katika orodha ya wapagazi. Hawakumruhusu hata kurudi nyumbani kuchukua nguo. Aliniachia kafi mkononi, akaniambia jinsi ya kuukata upepo wakati wa kurudi: nifuate kando ya ufuko, nisithubutu kukata ghuba. Hayo ndiyo maneno aliyoniachia.

Mjomba alirudi Busale kwa miguu bila kuniaga.

Alikaa kimya mvua nzima. Mama alimpelekea vyungu, akavipokea, akatuma ndizi, lakini salamu yangu haikujibiwa. Mvua zilipokwisha nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta anapunguza machipukizi migombani. Nikapiga magoti, nikamsalimu. Akaendelea kukata kwa muda, kisha akakaa chini mbele yangu, akikohoa.

"Mpwa wangu, nataka kukuuliza jambo moja tu. Ulipoliweka lile jiwe ulimini, ulikuwa umekwisha kuniona mwongo?"

Ningeweza kumwambia hapana. Angeniamini, nadhani, maana alitaka kuniamini.

"Ndiyo, mjomba," nikasema. "Kwa kitambo kidogo."

Kuku walikuwa wanaparua majani nyuma yake.

"Nilikuona," akasema mwishowe. "Na kama ungesema hapana leo, nisingekula tena chakula chako." Akanyoosha mkono nimsaidie kusimama, na tukaenda nyumbani kwake.

Mume wangu alirudi baada ya mvua ya pili, akitokea upande wa Njisi, kule mpakani, na wapagazi wengine watatu. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka chini ya lile la kushoto, na mpaka leo halijapanda. Nilikuwa nafua ziwani. Nilimwona akija, nikadhani ni mzee fulani mgeni, mpaka alipoingia majini na nguo zake zote na kuanza kunywa kama alivyokunywa kila aliporudi kuvua.